Wauguzi na dakika ya kwanza: Huduma bora hujengwa wodini

Na Mwandishi Wetu

MAMA mjamzito wa Sengerema, mkoani Mwanza, aliyepata tatizo wakati wa kujifungua na kuhitaji rufaa kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando, kwa miaka mingi alikuwa na kikwazo kimoja kilichojulikana na kila mtu: maji. Gari lililombeba lilifika Busisi, likapanga foleni, likasubiri kivuko kivuke Ghuba ya Mwanza kwenda Kigongo, ndipo safari ya kuelekea mjini iendelee.

Hali hiyo ilibadilika Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3. Ghuba ambayo zamani ilichukua saa nzima au zaidi kuivuka, pamoja na muda wa kusubiri, sasa huvukwa na gari kwa dakika chache tu.

Hata hivyo, kufupishwa kwa safari kunaibua swali la pili, ambalo daraja haliwezi kulijibu. Mama huyo akishafika hospitalini, akapandishwa kitandani, anapokewa na kuhudumiwaje?

Takwimu za Taifa zinaonyesha kwa nini swali hilo ni zito. Kwa mujibu wa tafiti za Hali ya Demografia na Afya zinazofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwaka 2010 nusu tu ya watoto nchini, yaani asilimia 50, ndio waliozaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 63, na ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 81.

Katika kipindi hicho, vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 81 kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai hadi 43. Ni mafanikio makubwa. Lakini vifo vya watoto wachanga, yaani wale wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, vilishuka kutoka 26 hadi 24 tu.

Kwa maneno mengine, akina mama wameitikia wito wa kujifungulia hospitalini, lakini watoto wachanga hawajanufaika kwa kiasi kilichotarajiwa. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika siku za mwanzo za uhai, nyingi zikiwa ni saa ambazo mtoto bado yuko mikononi mwa wahudumu. Na katika hospitali nyingi nchini, mtu aliye karibu na kitanda saa hizo, hasa usiku, ni muuguzi mkunga.

Ndiyo maana juhudi za kuboresha huduma kwa mgonjwa, ambazo huongozwa na wauguzi wenyewe ndani ya wodi zao, zimekuwa jambo la kufa na kupona.

Maana ya kuboresha huduma

Kuboresha huduma, kwa maana inayotumika katika taaluma ya uuguzi, si kuongeza majengo wala kununua mashine, ingawa vyote hivyo vinahitajika. Ni utaratibu wa watu wanaofanya kazi mahali fulani kujiuliza ni kipi hasa wanachokifanya, kukipima, kubadilisha jambo moja, kisha kupima tena ili kujua kama mabadiliko hayo yamesaidia.

Utaratibu huo hufupishwa kwa maneno manne: panga, tenda, pima, rekebisha. Asili yake ni viwandani. Wataalamu wa Marekani, Walter Shewhart na W. Edwards Deming, ndio waliouendeleza katika karne ya 20, na Wajapani wakautumia sana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Lakini katika uuguzi, wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Mwaka 1854 Mwingereza Florence Nightingale alipelekwa na kundi la wauguzi katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, nchini Uturuki, wakati wa Vita vya Crimea. Baada ya vita alitumia hesabu za vifo kuthibitisha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa ya kuambukiza yanayozuilika kuliko majeraha ya vita. Vifo vilikuwa vimepungua baada ya mifereji ya maji machafu kusafishwa na hewa kuruhusiwa kupita wodini mwaka 1855.

Mwaka 1858 Nightingale alichora takwimu hizo kwa michoro iliyoeleweka hata na wanasiasa, na mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Takwimu cha London. Siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Wauguzi Duniani.

Muuguzi anayesubiri maagizo tu, bila kuhesabu matokeo ya kazi yake, amechukua sehemu ndogo ya urithi huo.

Sengerema na njia ya kufika

Wilaya ya Sengerema iko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 663,034, wakiwamo wakazi wa eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Buchosa, lenye visiwa vya Kome na Maisome. Hospitali yake kubwa ni Hospitali Teule ya Wilaya, inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Geita na kutoa huduma kwa makubaliano na Serikali.

Kwa wataalamu wa afya ya uzazi, vikwazo vinavyomchelewesha mama hugawanywa katika aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Sengerema ina historia ya pekee katika kushughulikia kikwazo cha pili.

Wilaya hiyo, pamoja na Shinyanga, ndiko ulikoanzia katika miaka ya 2010 mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambao leo hufahamika kwa jina la m-mama. Ulianzishwa kwa ushirikiano wa Serikali na taasisi za Vodafone Foundation, Touch Foundation na Pathfinder International.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mtu hupiga simu bila malipo. Mhudumu aliyefunzwa huuliza maswali yaliyopangwa kwa mfuatano, hupima uzito wa tatizo, kisha huamua mama apelekwe kituo gani. Kama hakuna gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo ambaye ameandikishwa mapema, na malipo yake hutumwa kwa simu ya mkononi.

Aprili 2022 Rais Samia alizindua upanuzi wa mpango huo kuwa wa kitaifa, ambapo namba inayopigwa ni 115.

Mpango huo, barabara na daraja vinashughulikia kikwazo cha pili. Kikwazo cha tatu, cha kuchelewa kuhudumiwa, kimebaki ndani ya kuta za hospitali na zahanati. Hapo ndipo kazi ya muuguzi inapoanza.

Dakika ya dhahabu

Watoto wengi huzaliwa na kulia wenyewe. Wachache hawalii. Kati ya hao wasiolia, walio wengi huhitaji tu kukaushwa vizuri, kufunikwa na kusuguliwa mgongo ili waanze kupumua. Sehemu ndogo inayobaki huhitaji kupumulishwa kwa mfuko wenye barakoa, kifaa ambacho wauguzi wengi hukiita ambu.

Kazi hiyo yote inatakiwa kuanza na kufikia hatua ya kupumulisha kabla ya sekunde 60 kumalizika tangu mtoto azaliwe. Kipindi hicho kimepewa jina la dakika ya dhahabu. Kikipita bila mtoto kupata hewa, ubongo huanza kukosa oksijeni, na hatari ya kifo au ulemavu wa kudumu huongezeka.

Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na washirika wake walizindua mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yaliyolengwa kwa nchi zenye uhaba wa vifaa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu, kwa kutumia mwanasesere wa mpira anayejazwa maji na kuonekana kama mtoto halisi.

Matokeo kutoka hospitali 8 za Tanzania yalichapishwa mwaka 2013 na watafiti walioongozwa na Georgina Msemo. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, sawa na punguzo la asilimia 47. Watoto waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa walipungua kwa asilimia 24.

Jambo la kuvutia zaidi ni namna mabadiliko hayo yalivyotokea. Baada ya mafunzo, wakunga waliwasugua na kuwachangamsha watoto wengi zaidi kuliko zamani, na idadi ya waliohitaji ambu ikapungua. Kitendo kidogo kilichofanywa mapema kiliondoa haja ya kitendo kikubwa baadaye.

Ni kweli kwamba utafiti huo ulilinganisha hali ya kabla na ya baada ya mafunzo, na kwa hiyo hauwezi kuondoa kabisa uwezekano wa sababu nyingine. Hata hivyo, ulifungua mlango wa swali lililofuata, ambalo jibu lake lilipatikana Manyara.

Funzo la Haydom

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mafunzo hayo ya siku moja mwaka 2010. Watafiti walirudi miezi kadhaa baadaye kuwapima. Mbele ya mwanasesere, wahudumu walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo.

Lakini watafiti hao hawakuishia kwenye mwanasesere. Waliangalia pia kilichotokea kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia, na wakakuta kwamba huko utendaji haukuwa umebadilika. Ujuzi ulikuwapo, lakini haukufika kitandani.

Matokeo hayo yangeweza kufichwa kabatini, kwani hakuna anayependa kutangaza kwamba semina yake haikuzaa matunda. Badala yake yalichapishwa, na hospitali ikabadili njia.

Kuanzia mwaka 2011 mwanasesere na ambu viliwekwa karibu na chumba cha kujifungulia. Wakunga walihimizwa kufanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, wakiwa wawili wawili, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Hapakuwa na safari ya kwenda mjini, wala hoteli, wala posho ya kujikimu.

Safari hii mabadiliko yalionekana kwa watoto wenyewe. Utafiti ulioongozwa na Estomih Mduma na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vifo katika saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kati ya kila watoto 1,000.

Funzo la Haydom linagusa kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Mafunzo ni yale yale, wahudumu ni wale wale, na hospitali ni ile ile. Kilichotofautiana ni kurudia zoezi mahali pa kazi, na kupima matokeo kwa mgonjwa badala ya kuyapima kwa vyeti vilivyotolewa.

Mwanza na mikoa minne

Kutokana na uzoefu huo, mradi wa Safer Births ulipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Vituo viliingia katika mradi kwa zamu ili kuwezesha ulinganisho kati ya vilivyokwisha kuanza na ambavyo bado. Wakunga walipewa vifaa vya kufanyia mazoezi na vya kutolea huduma, kikiwamo kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ambacho watengenezaji wake wa Norway walikipa jina la Kiswahili, Moyo.

Katika kila kituo waliteuliwa vinara miongoni mwa wahudumu wenyewe, kazi yao ikiwa ni kuwahimiza wenzao kufanya mazoezi ya mara kwa mara na kuzijadili takwimu za kituo chao. Takwimu hizo hazikukusanywa kwa ajili ya kupelekwa Dodoma tu. Zilirudi wodini, zikaamua zoezi la wiki inayofuata liwe juu ya nini.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la tiba la New England, nchini Marekani, mwandishi wa kwanza akiwa Mtanzania Benjamin Kamala. Zaidi ya wanawake 280,000 waliojifungua kati ya mwaka 2021 na 2023 walihusishwa.

Vifo vya watoto, wakijumuishwa waliofia tumboni karibu na kuzaliwa na waliofariki mara baada ya kuzaliwa, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kati ya kila vizazi 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi 60 kati ya kila vizazi 100,000. Matokeo hayo hayakuwa sawa katika mikoa yote, jambo linaloonyesha kwamba vifaa na mpango wa aina moja vinaweza kuzaa matunda tofauti kulingana na mahali vinapopokewa.

Damu isiyopimwa

Mfano wa pili unahusu mama mwenyewe. Kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya uzazi, Tanzania na duniani kwa ujumla. Mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache.

Kwa miaka mingi mkunga alikadiria damu iliyopotea kwa kuangalia shuka na sakafu. Jicho hudanganya, hasa damu inapochanganyika na maji ya uzazi na kufyonzwa na kanga.

Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza, ulichapishwa mwaka 2023. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama baada ya mtoto kuzaliwa ili damu iingie humo na kusomwa kwa mililita.

Pale damu ilipoonekana kuzidi kiwango, mkunga aliruhusiwa kuanza mara moja hatua zote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuufanya ukaze, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kumchunguza mama ili kujua damu inatoka wapi. Zamani hatua hizo zilifanywa moja baada ya nyingine, muuguzi akisubiri kuona kama ya kwanza imefaulu.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu hawakutambuliwa kwa wakati. Katika zile zilizotumia mfuko wa vipimo, zaidi ya asilimia 93 walitambuliwa. Matukio ya damu kuvuja kupita kiasi, upasuaji wa dharura kwa sababu hiyo na vifo vyake, yakijumlishwa pamoja, yalipungua kwa asilimia 60.

Hapa pia kilicholeta tofauti ni kitu kidogo: mkunga kupewa kipimo, na kupewa ruhusa ya kukifanyia kazi bila kusubiri.

Sasambua, seti, safisha

Tanzania haikuanza jana katika jambo hili. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa Taifa wa kuboresha huduma mwaka 2004. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Japani (JICA), njia iliyokuwa imefanikiwa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka.

Njia hiyo ina hatua tano, ambazo kwa Kiswahili zimepewa maneno yanayoanza na herufi S: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Yaani ondoa visivyohitajika, panga vinavyohitajika mahali pake, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, kisha udumishe.

Kwa mtu wa nje huenda ikaonekana kama kazi ya usafi. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku anayetafuta dawa ya kukaza mfuko wa uzazi wakati mama anavuja damu, kabati lililopangwa ni dakika zilizookolewa.

Baadaye Serikali ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi na kuvipa nyota kuanzia 0 hadi 5. Awamu ya kwanza, mwaka 2015/16, ilihusu vituo karibu 7,000. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja, na asilimia 2 tu vilifikia nyota 3 au zaidi. Awamu ya mwaka 2017/18 ilikuta vituo vilivyofikia kiwango hicho vimeongezeka hadi karibu moja ya tano.

Timu ya wodi inavyofanya kazi

Mtu asiyefanya kazi hospitalini anaweza kujiuliza mambo haya yanafanyikaje katika wodi ya kawaida. Uchukuliwe mfano wa wodi ya wazazi inayotaka kujua kama mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanasikilizwa kila nusu saa, kama inavyotakiwa, mara uchungu unapokolea.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Muuguzi mmoja huchukua mafaili kadhaa ya wiki iliyopita bila kuchagua, na kuangalia katika patografu, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu, ni mangapi yaliyojazwa kikamilifu.

Hatua ya pili ni kutafuta sababu. Ikionekana kwamba mapengo mengi ni ya usiku, timu huuliza kwa nini. Pengine wauguzi ni wachache. Pengine kifaa cha kusikilizia ni kimoja, na hufungiwa katika ofisi ya muuguzi kiongozi ifikapo jioni.

Hatua ya tatu ni kubadilisha jambo moja linalowezekana bila kusubiri bajeti, kwa mfano kifaa hicho kutundikwa ukutani kando ya vitanda na kukabidhiwa kwa maandishi kila zamu inapobadilika. Hatua ya nne ni kuhesabu tena wiki zinazofuata, na kuweka alama kwenye mchoro uliobandikwa ukutani ambao kila mmoja anauona.

Mstari ukipanda, utaratibu huwa wa kudumu. Usipopanda, timu hukubali kwamba ilikosea sababu, na kurudi hatua ya pili.

Utaratibu huo hauhitaji shahada. Unahitaji kiongozi wa wodi anayekubali kuulizwa, na wauguzi wanaoamini kwamba kusema ukweli hakutawaponza.

Vikwazo

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kikwazo cha kwanza ni uchache wa watumishi. Muuguzi mmoja anayehudumia akina mama kadhaa walio katika uchungu hawezi kuwa kando ya vitanda vyote kila nusu saa, hata akifunzwa mara ngapi. Kuboresha huduma hakuwezi kufanywa kisingizio cha kutoajiri.

Kikwazo cha pili ni uhamisho. Mkunga aliyebobea katika kupumulisha watoto anaweza kuhamishiwa wodi ya wanaume au wilaya nyingine, na ujuzi wa wodi ukaondoka naye. Dawa yake ni kufanya mazoezi yawe mali ya wodi, ili kila mgeni ayakute.

Kikwazo cha tatu ni hofu. Tanzania ina utaratibu rasmi wa kujadili kila kifo cha mama na cha mtoto mchanga, ambao msingi wake ni kutafuta chanzo bila kumtaja wala kumlaumu mtu. Pale kikao kinapogeuka kuwa baraza la kumtafuta mkosaji, wahudumu hujifunza jambo moja tu: kujaza karatasi vizuri baada ya tukio. Takwimu huwa safi, na wagonjwa huendelea kufa.

Kikwazo cha nne ni miradi yenye ukomo. Wafadhili huja na vifaa na watu wa kukusanya takwimu, na muda ukiisha huondoka. Neno la tano katika yale ya Mbeya, shikilia, ndilo gumu kuliko yote.

Mzigo kwa kila mmoja

Kwa familia, mambo haya yana alama zinazoonekana. Mama aliyefikishwa hospitalini anapaswa kupimwa shinikizo la damu na kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto mapema, si baada ya saa nyingi. Mtoto akizaliwa anapaswa kukaushwa na kufunikwa mara moja, na kuwekwa kifuani mwa mama akiwa anapumua vizuri. Ndugu wanaweza kuuliza kwa heshima, na wanastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwa halmashauri, mafunzo ya Haydom na ya mikoa mitano yanaelekeza fedha ziendeko: mwanasesere na ambu karibu na chumba cha kujifungulia, dakika chache za zoezi kila wiki, na takwimu zinazorudi kwa waliozizalisha. Ni gharama ndogo ikilinganishwa na semina za mjini.

Sengerema imetumika mara moja kuwaonyesha Watanzania namna ya kumfikisha mama hospitalini, na sasa ina daraja la kumvusha kwenda Bugando. Lakini uhai wa mtoto asiyelia anapozaliwa hautegemei kilomita 3 za daraja. Unategemea kama mkunga wa zamu alifanya zoezi lake wiki hiyo, na kama ambu ilikuwa mahali pake alipoinyooshea mkono.